Farasi wa Injini na Hewa ya Bariadi

Mnunuzi wa gari mjini Bariadi, akielezwa kwamba Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ina nguvu za farasi 109, aghalabu huipokea idadi hiyo kuwa ni sifa ya chuma chenyewe, isiyobadilika daima. Ilhali kwa hakika ni natija ya kipimo kilichofanywa kwa masharti maalumu, na masharti yakigeuka, farasi nao hupungua.

Injini hufungwa kwenye mtambo uitwao dainamomita, ambao huikaza isizunguke kwa wepesi, ukaonyesha inazungusha kwa nguvu kiasi gani katika kila mwendo. Farasi hupatikana baadaye kwa hesabu: nguvu hiyo ya kuzungusha, ikipimwa kwa kilo-mita, huzidishwa kwa mizunguko ya dakika moja, kisha hugawanywa kwa 716. Injini tuliyoitaja hutoa kilo-mita 14.4 inapozunguka mara 4,200 kwa dakika, yaani farasi 84. Wale 109 hawapatikani mpaka ifike mizunguko 6,000, mwendo ambao dereva mwenye abiria na mizigo katika njia ya Maswa ni nadra kuufikia.

Zamani ilikuwapo hitilafu kubwa zaidi. Hadi mwaka 1971 watengenezaji wa Marekani walizoea kutangaza nguvu ghafi, iliyopimwa kwa injini iliyovuliwa chujio la hewa, ekzosi ya kawaida na jenereta, kama pamba inayopimwa pamoja na gunia lake; magari ya 1972 yalipoanza kutangazwa kwa nguvu halisi, namba ziliporomoka hata pale injini ilipokuwa ile ile. Siku hizi kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa, hali kadhalika kiwango cha ISO 1585, hutaka injini ipimwe na viungo vyake, na matokeo yasahihishwe kwa hesabu yalingane na hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi na mgandamizo wa kilopaskali 99.

Hapo ndipo mkoa wa Simiyu, uliko mji wa Bariadi, unapoingia. Ziwa Victoria, linalopakana na Busega, liko mita 1,134 juu ya bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ivutayo hewa bila msaada wa tabo hupoteza takriban sehemu moja katika tisa ya nguvu zake. Farasi 109 wa Japani, basi, huku hubaki kiasi cha 97, wala si kosa la fundi.

Ama sheria ya Tanzania, haiwahesabu farasi hao: ushuru wa bidhaa hupangwa kwa ujazo wa injini, ngazi zikibadilika kwenye sisii 1,000 na 2,000. Ni busara, maadamu ujazo haubadiliki kwa mwinuko wala joto. Walakini hakuna kipimo kisicho na mwanya. Uingereza, iliyotoza pauni 1 kwa kila farasi tangu 1921, iliwakadiria farasi kwa upana na idadi ya silinda tu, na watengenezaji wakaunda silinda nyembamba zenye pistoni za mwendo mrefu ili kodi iwe ndogo.

Kwa hiyo anayetaka gari la kubebea mizigo Meatu au Itilima asiridhike na idadi ya farasi. Aulize nguvu ya kuzungusha, na inapatikana kwenye mizunguko mingapi, kwani mzigo huondoka kwa nguvu inayopatikana mapema.