Sukari ya Baba Watoto: Tungoje Kipimo cha Mate?

Msomaji wangu, kama unaishi na mume mwenye kisukari, unaijua vita ya asubuhi. Sio ya hela ya mboga, ni ya kidole. Baba Neema ni Mfipa wa hapahapa Sumbawanga. Jembe haogopi, baridi ya Juni haogopi, ila kisindano cha kupimia sukari anakikimbia kama mtoto wa chanjo.

Kijiweni wakamwambia kuna kipimo cha mate kinakuja: unatema, namba inatokea. Basi wimbo ukawa mmoja: “Mama Neema, mimi nangoja hicho.” Nikasema ngoja nichimbe, maana ubishi bila ushahidi ni kelele tu.

KIPO KWELI?

Kipo, lakini bado ni cha maabara zaidi. Stripu tunazonunua zina kimeng'enya, kitu chenye asili ya uhai kinachoitambua sukari kwenye tone la damu. Wazo hilo lilianza na Leland Clark, Marekani, mwaka 1962. Kasoro yake, kimeng'enya hakipendi joto wala unyevu. Stripu zikitoka huku juu Ufipa, kama mita 1,800 penye ubaridi, zikashushwa bonde la Ziwa Rukwa na kuachwa juani, namba zake usiziamini.

Kipimo kipya kinaachana na kimeng'enya. Watafiti wanapaka chembe za nikeli, shaba au dhahabu zenye ukubwa wa nanomita. Nanomita 1 ni sehemu ya bilioni 1 ya mita. Sukari ikigusa chembe hizo penye umeme kidogo, inaachia elektroni, mkondo unapanda, na mashine inausoma. Lazima iwe na pua kali, maana sukari ya kwenye mate huwa pungufu mara 50, hata 100, kuliko ya damu.

Sasa hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ukitafuna ugali, mate yenyewe yanaanza kugeuza wanga kuwa sukari. Fizi zikitoa damu, hesabu inavurugika. Nikeli na shaba nazo hufanya kazi vizuri kwenye kimiminika chenye alkali kali, na mate hayako hivyo. Kubwa zaidi, sukari ya mate haifuatani sawasawa na ya damu kwa kila mtu. Kupangia dozi kwa namba hiyo ni kubahatisha.

Na ukiuziwa saa au pete eti inapima sukari bila kutoboa ngozi, shika pochi yako. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja.

ANAOGOPA NINI HASA?

Nilimweleza yote chumbani, watoto wamelala. Kisha nikamuuliza: unaogopa sindano au namba? Kimya. Baadaye akasema, “Namba. Ukishaiona unaanza kunihesabia matonge.”

Kumbe ndio hivyo! Tukapatana: namba ni yetu wote wawili, haitakuwa fimbo mezani. Na mimi nikatoa la moyoni: sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu macho, figo na miguu, pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu, mpaka nguvu za kiume zinapungua. Mwenzenu akakaa kitako.

Siku hizi ananawa mikono, anaikausha, anachoma pembeni mwa ncha ya kidole ambako maumivu ni kidogo, na kesho anahamia kidole kingine. Kisindano ni chake peke yake, hakuna kuazimana. Namba tunaandika kwenye daftari, anakwenda nalo kliniki.

Kipimo cha mate kikiiva, tutakuwa wa kwanza kutema. Kwa sasa ni kidole. Na wewe shoga, wako anakimbia sindano, au anakukimbia wewe na maneno yako?