Kusini kwa Gari: Njia ya Ruangwa na Nachingwea

Miongoni mwa starehe ambazo mtu wa makamo, mwenye kazi ya kumfunga na jamaa wa kuwatunza, aweza kujipatia pasipo kuvuka bahari wala kuomba idhini ya dola ya kigeni, sioni iliyo aula kuliko safari ndefu ya gari, ile ya kutwa nzima au ya siku kadhaa, ambayo ndani yake nchi hujifunua kidogo kidogo mbele ya kioo, mji baada ya mji na mto baada ya mto, hata msafiri akafahamu kwa macho yake mwenyewe jinsi mahali alikotoka palivyoungana na mahali anakokwenda. Ndege humfikisha upesi lakini humnyima njia. Basi humpa njia lakini humnyima kituo, kwa maana husimama pale apendapo dereva, na huondoka kabla abiria hajamaliza chai yake. Gari la mtu mwenyewe, au la kukodi, au la kuazimwa kwa ndugu, humpa njia na kituo pamoja, na kwa rai yangu kituo ndicho chenye thamani zaidi, kwa kuwa raha kubwa ya safari ndefu ni haki ya kusimama popote roho inapopenda.

Katika njia ya kusini, itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, kisha ikaipa bahari kisogo na kupanda bara mpaka Ruangwa na Nachingwea, haki hiyo ina uzito wa pekee, maana wasafiri wa huko walijua kusimama miaka mingi kabla ya kuijua ladha yake. Walisimama ukingoni mwa Rufiji wakingoja pantoni. Walisimama katika tope la kati ya Ndundu na Somanga, kipande cha kilomita takriban 60 ambacho wakati wa masika kilikuwa kikiyazamisha malori mpaka ekseli, abiria wakalala njiani, na wenye watoto wakapika uji kando ya barabara. Daraja la Rufiji, ambalo urefu wake unakaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Masasi. Kipande kile cha Ndundu nacho kikakawia miaka mingi mingine kabla ya kutandikwa lami yote. Na hata baada ya hapo mvua hazikuacha kuijaribu njia: mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalibomoa madaraja na makalvati katika wilaya ya Kilwa, na mikoa ya kusini ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mtu ayakumbukaye hayo, akipita leo juu ya mto ule mkubwa ilhali kioo kimeteremshwa na upepo unaingia, hushukuru kwanza, kisha ndipo hufurahi.

Afadhali kuondoka alfajiri, baada ya sala, kabla Mbagala haijaamka kwa foleni zake. Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri hupitwa kabla jua halijawa kali, kati ya mikorosho na michungwa, na vijana waliobeba korosho za kukaanga hulikimbilia gari kila linapopunguza mwendo. Mbele ya daraja, pembezoni mwa barabara kuu, ndiko iliko Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga mganga Kinjikitile Ngwale mnamo Agosti 1905, majuma machache baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Wamatumbi. Huko Somanga ni lazima mtu ashuke ale samaki. Nasema ni lazima, kwa sababu samaki wa Somanga hukaangwa pale pale, karibu na bahari alikovuliwa, na mtu akimfunga katika karatasi ampeleke mbele atakuwa amempunguzia nusu ya utamu wake.

Nangurukuru ni njia panda. Mkono wa kushoto ni njia ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na ng'ambo ya Masoko, kisiwani, umelala ule mji wa kale ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na ambao magofu yake yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Huo ni msafara wa peke yake, unaostahili siku zake. Mwenye nia ya Ruangwa na apite moja kwa moja.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa nieleze jambo moja kuhusu maneno yazungumzwayo ndani ya gari, kwa maana ni sehemu ya raha hii ambayo watu huisahau. Nyumbani, watu wa nyumba moja hukaa wakatazamana, kila mmoja na simu yake na haja yake. Ndani ya gari wote huelekea upande mmoja, hawana mahali pa kukimbilia, na barabara huwapa kila dakika kitu cha kukitaja. Mzee akiwekwa kiti cha mbele kwa heshima yake, na asihimizwe, basi baada ya saa mbili au tatu huanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuwasimulia wanawe katika umri wao wote: huu ndio mti ambao lori letu lilizama chini yake tukakaa juma zima, hapa ndipo mama yenu alipouza khanga yake apate nauli. Watoto walio nyuma, ambao huenda walikuwa wamelala, hufumbua macho wakasikiliza. Naiona faida hii kuwa kubwa mno, na kwa ajili yake peke yake ningemshauri kila mwenye wazazi walio hai awachukue safarini angali na nafasi.

Lindi ni mahali pa kulala, maana kuendesha usiku katika njia yenye malori mabovu, waendesha baiskeli wasio na taa na mbuzi walalao juu ya lami ni kujitia hatarini pasipo sababu. Mji umekaa kwenye mdomo wa mto Lukuledi, na mtu akikaa ufukoni jioni na aikumbuke habari ya Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, madubwana ya kale. Mifupa ile ililetwa Lindi juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, ikapakiwa melini, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Mamia ya wenyeji ndio waliochimba na ndio waliochukua, na sidhani kuwa yuko msafiri wa gari aliye na haki ya kulalamikia joto la njia ile baada ya kuwafikiri watu hao.

Kesho yake, penye njia panda ya Mnazi Mmoja karibu na Mingoyo, safari huiaga bahari. Kushoto huinuka uwanda wa juu wa Makonde na kulia uwanda wa Rondo, na baina yao limetandazwa bonde la Lukuledi, jembamba na la kijani, ambalo barabara hulifuata kupitia Mtama hadi Nyangao. Hapa Nyangao, na jirani yake Mahiwa, ningependa kila mwenye gari azime injini kwa muda. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza yalipigana mahali hapa vita vikali mno, vilivyohesabiwa kuwa miongoni mwa vilivyomwaga damu nyingi zaidi katika bara la Afrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa Waingereza peke yake ulipata hasara ya watu wapatao 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa. Askari wa pande zote mbili walikuwa aghalabu Waafrika, na wengine walikuwa wametoka mbali kama Nijeria. Sasa mahali hapa ni mashamba na njia za vumbi ziendazo shule. Anayepita mbio hukiona kijiji kama vijiji vingine, na kwa hakika hana lawama, kwani hapana la kumwambia. Ila dereva ambaye amesoma kidogo kabla ya kuondoka nyumbani aweza kuwa mwalimu wa gari zima.

Penye Nanganga njia ya Ruangwa huchepuka kulia. Siku za nyuma ilikuwa ya changarawe na mashimo, na sasa lami imefika mjini, ikipanda na kushuka katika nchi ya Wamwera yenye vilima vya mawe na mikorosho isiyo na mwisho. Yafaa msafiri achague majira yake. Mvua za huku huanza takriban Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Juni na Julai msafiri hukuta ufuta umevunwa na mikorosho ikinyunyiziwa salfa dhidi ya ubwiri unga. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya neema, ambapo mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini ya miti na harufu yake nzito humfuata mtu mpaka ndani ya gari, magunia yakielekea maghala ya vyama vya msingi, yakingoja minada ya Runali, chama kikuu cha ushirika kinachoziunga wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada, bei ya kilo moja huzungumzwa kutoka kinyozi hadi msikitini, na mgeni mwenye masikio atajifunza uchumi wa nchi kuliko katika vitabu.

Ruangwa yenyewe ni mji mdogo wenye jina kubwa. Ndiko atokako Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2015 hadi 2025. Ndiko yaliko makazi ya Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na punde baadaye ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo vijana wa huko hulisimulia kwa fahari inayowastahili. Na ardhini mwake mna madini ya kinywe na vito vya kijani vilivyowavuta wachimbaji kutoka pande zote. Mimi hupendezwa zaidi na yaliyo kando ya njia. Akina mama huuza ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba, vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, navyo mtu hawezi kuvila haraka, kwa maana humenywa kimoja kimoja. Safari moja nilimsalimu mmoja wao:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mnatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Mbali huko! Basi shukeni mkae, ming'oko hailiwi garini."

Tulishuka tukakaa, tukaulizwa habari za mjini, za bei ya mchele na za ndugu zao waliohamia Mbagala, na ilipopita saa nzima hapana aliyetazama saa.

Kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, nilipopita mimi, vumbi jekundu lilikuwa likiinuka nyuma yetu kama pazia, na hapo dereva hana budi kupunguza mwendo, kukagua tairi la akiba, na kuwa na maji ya kunywa na ya rejeta. Mwisho wa vumbi hilo ni mji ambao kwa muda mfupi dunia nzima iliutazama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipokuwa na njaa ya mafuta ya kula, serikali yake iliazimia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika, na Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Vililetwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta ili kung'oa pori. Ikajengwa reli kutoka hori la Lindi iliyofika Nachingwea mwaka 1949. Ikachimbwa bandari ya Mtwara. Ardhi haikupimwa vema, mvua hazikuulizwa, na wakulima wa Kimwera, ambao walijua tangu babu zao ni udongo upi unaofaa karanga na upi haufai, hawakuulizwa pia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, umekwisha kula zaidi ya pauni milioni 36. Reli ilisogezwa hadi Mtwara na baadaye Masasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa, hata nchi iliyokuwa na garimoshi ikarudi kungoja lori katika tope.

Lakini ardhi ile haikukaa bure. Tangu katikati ya miaka ya 1960, Tanzania iliwapa wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mahali pa kufanyia mazoezi, Shamba Namba 17, karibu na mji huu. Samora Machel aliwafundisha na kuwaongoza watu wake hapo, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, naye akawa rais wake wa kwanza. Anayesimama Nachingwea chini ya mikorosho, akafikiri kwamba pori ambalo mashine za Uingereza zilishindwa kulifanya shamba lilikuja kulea jeshi lililoikomboa nchi jirani, atakubali kuwa mji huu hauwezi kujulikana na mtu aliyepita juu yake kwa ndege.

Kutoka hapa msafiri ana hiari. Njia moja hukatiza misitu kwenda Liwale, nayo hufaa gari la juu na wakati wa kiangazi tu. Nyingine, ya kilomita 45 hivi, huenda hadi Masasi, chini ya majabali yale makubwa ambako Askofu Edward Steere aliwapeleka watumwa waliokombolewa mwaka 1876. Na toka Masasi lami haikatiki kupitia Tunduru, Songea na Mbinga mpaka Mbamba Bay, kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Mwenye likizo ya majuma mawili na ashike hiyo ya pili, ajaze mafuta Masasi, na alale Tunduru.