Je, Wajua? Vumbi la Dhahabu na Kifua Kikuu

Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na Tanzania imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, kuna hatari ya ziada: vumbi la silika. Hudhoofisha kinga ya mapafu, hasa kwa wanaoshinda duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, na kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe. Kulowesha mwamba hupunguza vumbi, lakini maji ya kununua nani atayamwagia mawe? Dawa za kifua kikuu ni bure, ila kwa kawaida humezwa miezi 6. Duara likitema, yaani likitoa dhahabu, kwingine, mchimbaji huhama na dozi hukatika.