Unataka kumnunulia mama ng'ombe wa gredi? Soma hii kwanza

Umepata kazi, umeweka akiba kidogo, na sasa wazo limekujia: umnunulie mama ng'ombe wa gredi kule ushago. Wazo ni poa. Ila kabla hujatuma hizo pesa, jua ni kazi gani unayomtumia pamoja nazo.

Siku inaanza saa kumi au kumi na moja alfajiri, maana gari la maziwa halingoji mtu. Kiwele kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupanguswa kwa kitambaa safi. Kikishaguswa hivyo, ng'ombe anaachilia maziwa, na nafasi ya kukama ni kama dakika tano hadi nane. Ukisimama katikati uongee na jirani, mengine yanabaki ndani.

Maziwa ya kwanza kutoka kila chuchu yanakamiwa kwenye kikombe cheusi. Yakiwa na mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Akidungwa dawa, maziwa hayauzwi mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe. Kwa hiyo ukiskia wiki hii hakuna pesa, usianze kumshuku mama.

Halafu kuna maji. Ng'ombe anayekamwa vizuri anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, yaani mitungi mitatu hadi mitano ya lita 20. Nani atabeba? Kama boma lenu linategemea mto ulio chini bondeni, nunua tangi kwanza. Ng'ombe anaweza kungoja. Mgongo wa mama je?

Mikasa nayo haichagui saa. Mvua ikinyesha, mtu akimpa majani mabichi yaliyolowa, hasa lusani, tumbo linaweza kufura upande wa kushoto kama ngoma, na ng'ombe akafa kwa muda wa saa chache. Kiazi kizima kikimkwama kooni mambo ni yale yale, kwa sababu hawezi kucheua wala kutoa gesi. Ndiyo maana viazi hukatwakatwa, na ndiyo maana hakuna kusukuma kitu kooni kwa kijiti. Anaitwa daktari. Sasa fikiria wewe uko kwenye mkutano Upper Hill, simu umeizima, na mama anangoja umtumie pesa za kumlipa huyo daktari. Muachie pesa za dharura mapema, na namba ya daktari iwe kwenye simu yake, si yako pekee.

Wiki ya kuzaa ndiyo ya kukesha. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi anaweza kuishiwa na kalsiamu akalala chini, ashindwe kuinuka. Wanaiita homa ya maziwa, jina la kupotosha kabisa, kwa sababu ukimshika masikio utayapata baridi. Anahitaji daktari haraka, si blanketi. Ndama naye apate maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ndani ya saa sita.

Kitu kinachokula pesa za wengi kimyakimya ni joto. Ng'ombe akiwa na wenzake atawapanda au atasimama wampande. Akiwa peke yake zizini, mtaskia akilia usiku, hatulii, ute unaning'inia nyuma. Akionekana asubuhi, mtu wa kupandisha kwa sindano anaitwa jioni. Akionekana jioni, anaitwa asubuhi inayofuata. Mkipitwa, ni kungoja siku 21 hivi, na siku zote hizo anakula nepia na chakula cha dukani kama kawaida. Mdogo wako aliye nyumbani anaweza kuandika tarehe kwa makaa kwenye ukuta wa zizi. Wewe iweke kwenye kalenda ya simu, na siku ya 18 ikifika, piga uwaambie waanze kumwangalia.