Bastola ya Zamani na Mpya: Ipi Hukwama Zaidi?

Machi 1911, jeshi la Marekani liliijaribu bastola iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa na Colt. Ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja. Wapenzi wa bastola hiyo, M1911, hupenda kuishia hapo. Mara chache husema kwamba ilisafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya risasi 1,000.

Mwaka 1985 nafasi yake ilichukuliwa na Beretta M9. Sababu kubwa ilikuwa kutumia risasi ya milimita 9 pamoja na washirika wa NATO. Hata hivyo, mashabiki wa M9 hudai ilishinda kwa kutokwama. Dai hilo lina kasoro: serikali ilinunua M1911 za mwisho mwaka 1945. Ukishindanisha silaha iliyotoka kiwandani jana na nyingine yenye springi zilizochoka kwa miaka 40, unapima uchakavu, hupimi ubunifu.

M9 nayo ilipata mitihani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kipande chake cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kilipasuka katika baadhi ya bastola na kujeruhi wapigaji. Ikabidi pini ya nyundo ipanuliwe ili kikipasuka kisimrukie mtu usoni. Baadaye, kule Iraq, wanajeshi walilalamika kwamba inakwama. Sehemu kubwa ya lawama iliangukia magazini: uso wake ulikuwa wa kukwaruza na ulishika mchanga laini, risasi zikashindwa kupanda. Bastola ilikuwa ile ile. Magazini ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 2017 ikaja M17 ya SIG Sauer. Katika majaribio ilifyatuka yenyewe ilipoangushwa, ikarekebishwa. Jambo linalonivutia zaidi ni hili: mara nyingi ilipohesabiwa kuwa imekwama, kilichotokea ni kipande cha juu kutobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, kwa kuwa kidole gumba cha mpigaji kilikandamiza kitufe chake. Tena ilikwama zaidi kwa risasi za kawaida kuliko kwa zile maalumu.

Kwa hiyo mwaka wa kubuniwa ni kipimo dhaifu. Anayetaka kunishawishi kwamba bastola fulani ni ya kuaminika aniambie kwanza magazini ilikuwa na umri gani, risasi zilikuwa aina gani, na ilisafishwa lini.