Rufaa, Kuelekeza na Kuunganisha

Tarehe 31 Januari 2024, mjini Dodoma, Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliokusudia kupata wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano. Kazi yao haiishii katika kuwatembelea wajawazito na kuwahimiza wagonjwa wa kifua kikuu wameze dawa. Wanatazamiwa pia kuwafikisha wasio na uwezo kwa afisa ustawi wa jamii, kwa mtendaji wa kijiji, na penginepo penye msaada. Kitendo hiki cha mwisho nacho husikika kikiitwa rufaa, na hapo ndipo penye tatizo.

Neno rufaa asili yake ni Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuinua. Aliyeshindwa mahakamani hukata rufaa ili shauri lake lipande mahakama ya juu. Hospitalini neno liliingia kwa mantiki hiyo hiyo: ugonjwa ulioishinda zahanati hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, hata kufikia hospitali za rufaa kama vile Bugando na KCMC. Huko neno limekaa mahali pake.

Lakini tumchukue mjane mwenye kifua kikuu, asiyekuwa na nauli ya kwendea kliniki. Apelekwapo kwa afisa ustawi wa jamii hapandi kokote, maana ofisi hiyo haiko juu ya zahanati. Iko kando yake. Tena, kwa mtu ambaye rufaa aijuayo ni ya hospitali kubwa au ya kesi, kuambiwa "nakuandikia rufaa" kwaweza kumtia hofu kwamba ugonjwa umezidi. Karatasi itawekwa chini ya godoro, na mwenyewe asiende.

Wako wanaopendelea kuelekeza. Ni neno safi, ila mwenye kuelekeza huonyesha njia, naye akabaki alipo. Msafiri aulizaye njia ya Kilosa asipofika, aliyemwelekeza halaumiwi. Kuunganisha ni kazi nyingine kabisa, kwani hakutimii mpaka ncha mbili zishikane: fundi hawezi kudai kuwa ameunganisha bomba ilhali maji hayatoki.

Yamkini msomaji atasema kwamba neno hili ni pana mno, kwa kuwa twaunganisha umeme, mifupa na hata ndugu waliogombana. Upana huo mimi sioni kuwa ni kasoro. Neno lililokwisha zoeleka halihitaji semina. (Msamaha, litumikalo kwa mzee asiye na uwezo anapotibiwa bila malipo, lina dosari kubwa zaidi, kwani mzee aweza kuuliza kosa lake ni lipi. Hilo tuliache kwa leo.)

Daftari lenye safu moja tu ya "rufaa" humhesabu sawasawa mjane aliyeonyeshwa njia na mwenzake aliyesindikizwa hadi akaandikishwa. Mkubwa wa kazi asomaye jumla hana namna ya kujua ni nani aliyesaidiwa. Kwa hiyo napendekeza rufaa ibaki kwa kupanda ngazi za tiba. Kuelekeza kuwe kutoa habari tu. Na kuunganisha kutumike pale tu ambapo mgonjwa amekwisha pokewa. Tendo lenyewe liitwe uunganishaji, na matokeo yake muunganisho.

Wahudumu walioko vijijini, ambao ndio watumiaji wa kwanza wa istilahi hizi, wanaombwa kutuletea maneno wayasikiayo vinywani mwa wagonjwa wenyewe, yakiwemo yale ya lugha zao za nyumbani.