Vumbi la Kiangazi Ndani ya Kamera

Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika Ufipa, na anga la Sumbawanga huwa la bluu kutwa nzima. Mahindi yameshavunwa, watu wana fedha kidogo, harusi na vipaimara vinafuatana, na mpiga picha hapumziki. Ndiyo miezi hiyohiyo ambayo barabara za udongo za mitaa kama Izia hutoa vumbi kila bodaboda inapopita. Kwa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, mambo hayo mawili hayapatani: vumbi linaingia ndani, na lile anga safi ndilo linalolianika.

Doa ambalo vumbi hilo huacha pichani mnalijua. Ni duara la kijivu, kingo zake hafifu, na hukaa mahali palepale kwenye kila picha. Kwenye kitenge chenye maua halionekani. Kwenye anga, ukuta mweupe au shela ya bibi harusi linajitokeza.

Vumbi hilo haliigusi sensa yenyewe. Mbele ya sensa kuna kioo chembamba cha kichujio, na chembe hutua juu ya kioo hicho. Tunachokiona pichani ni kivuli chake. Hapo ndipo penye ufunguo wa suala zima, kwa sababu kivuli hutegemea ukubwa wa tundu ambalo mwanga unapitia. Nyoosha mkono juu ya ardhi siku ya mawingu, hutaona kivuli chenye umbo. Umulike kwa tochi ndogo usiku, kila kidole kitachorwa chini. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye f/2.8, tundu lake lina upana wa karibu milimita 18. Ikiwekwa kwenye f/22, tundu hubaki milimita 2 na kidogo. Mwanga wa tundu pana huja kutoka pande nyingi na kukifuta kivuli. Wa tundu dogo hukichora.

Kwa hiyo mtu anaweza kupiga harusi nzima kanisani kwa f/2.8 asione kitu. Kesho yake anawapeleka wageni kwenye Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanapoanguka zaidi ya meta 200. Anafunga tundu hadi f/16 ili kila kitu kionekane vizuri, kisha anarudi na anga lenye ukurutu. Ataapa kwamba vumbi limeingia kule. Lilikuwemo tangu kanisani, na pengine tangu mwezi uliopita.

Kabla ya kusafisha chochote, pima. Weka ISO ya chini kabisa na tundu f/22, vuruga fokasi makusudi, kisha piga ukuta mweupe au anga huku ukiitikisa kamera kidogo. Madoa ya ukuta yatafutika kwa mtikisiko. Ya sensa yatabaki. Piga ya pili. Doa lililo mahali palepale kwenye picha zote mbili ni la ndani. Vumbi unaloliona ukichungulia kwenye kitazamio cha kamera yenye kioo cha ndani lisikusumbue. Halimo kwenye njia ya picha. Hata chembe chache zilizo mbele ya lenzi ni nadra kuonekana. Kumbuka pia kwamba lenzi hupindua taswira: doa lililo juu kushoto pichani, ukiitazama sensa kwa mbele, utalikuta chini kushoto.

Sasa kusafisha. Hatua ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, ni bloa ya mpira ya kubana kwa mkono. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika kazini kioo cha ndani na shata hujifunga juu ya chochote kilichopo. Ingia kwenye menyu, chagua kusafisha sensa kwa mkono, elekeza mdomo wa kamera chini, kisha bana bloa mara kadhaa bila kuuingiza mdomo wake ndani kabisa. Vumbi lidondoke lenyewe. Usipulize kwa kinywa, maana mate hayakosekani. Usitumie kopo la hewa iliyoshindiliwa, kwani linaweza kutema kimiminika baridi kikaacha doa kubwa kuliko lile ulilokuwa ukiliwinda.

Naisisitiza bloa kwa sababu moja. Vumbi letu lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Anayeanza kwa kufuta kabla ya kupuliza anausugua mchanga huo juu ya kichujio, na mkwaruzo hausafishiki.

Likibaki doa ambalo bloa haikulitoa, basi limeganda. Kwetu sababu yake mara nyingi ni baridi. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,800, na usiku wa Juni au Julai kamera hupoa sana. Ukiiingiza kwenye ukumbi wenye joto la watu, unyevu hutua juu yake na kulinatisha vumbi. Iache mkobani, zipu ikiwa imefungwa, hadi ipate joto la ndani.

Doa la namna hiyo linahitaji kitambaa maalumu chenye mpini na dawa yake. Vipo vya upana wa milimita 16 kwa sensa ndogo na milimita 24 kwa sensa kubwa. Matone mawili au matatu, pitisha mara moja upande mmoja, geuza, rudi mara moja, tupa. Anayekitumia tena ili kubana matumizi atalipia zaidi baadaye. Spiriti ya duka la dawa haifai, ina maji na huacha michirizi. Dawa nyingine za kazi hii zina methanoli, ambayo ni sumu na hushika moto, hivyo iweke mbali na watoto na jiko.

Watengenezaji nao wamehangaika. Mwaka 2003 Olympus walitoa E-1, kamera ambayo kichujio chake hutetemeshwa kwa kasi kubwa ili vumbi lianguke, na kampuni nyingine zikafuata. Mtetemo husaidia kwa vumbi kavu. Kwa lililoganda, au kwa mafuta, hausaidii. Nikon D600 ya mwaka 2012 ililalamikiwa kwa madoa hayo hadi kampuni ikakubali, mwaka 2014, kubadilisha shata bure. Anayenunua kamera iliyotumika aifanyie kile kipimo cha ukuta dukani kabla ya kutoa pesa.

Kinga ni ya kawaida: zima kamera kabla ya kubadilisha lenzi, geuza mdomo wake chini, kaa upande usio na upepo, pangusa kitako cha lenzi inayoingia. Mkoba nao ukung'utwe, kwa sababu huo ndio ghala la vumbi.

Kwa maoni yangu, wengi wetu tunasafisha kupita kiasi. Doa moja angani linafutika kwenye kompyuta kwa sekunde chache, na programu kama Lightroom hukuruhusu kunakili marekebisho hayo kwenye picha nyingine. Kama kazi yako ni ya kanisani na ukumbini, pima mara moja kwa mwezi, puliza, kisha iache sensa yako ipumzike.